Mkono Umesimamishwa: Uhakiki wa Istilahi za Kunyanyua Mizigo Mizito

Waraka unaohakikiwa katika makala haya haukupata kuchapishwa, wala haukukusudiwa kusomwa na watu wa lugha. Ni mpango wa kazi wenye kurasa 11, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza ili usomwe na mafundi wa kiwanda kimoja cha nguzo za umeme katika kata ya Ramadhani, mjini Njombe. Unaeleza namna ya kuliondoa pipa kuu la chuma ambamo nguzo hutiwa dawa, na kuliweka jingine mahali pake, ndani ya banda lililojengwa kulizunguka lile la kwanza bila ya mtu kufikiri kwamba siku moja litahitaji kutoka. Nimeona vema kuuhakiki hadharani, bila ya kukitaja kiwanda wala mfasiri, kwa sababu makosa yaliyomo si ya mfasiri peke yake. Mengi ni yetu sisi tunaokaa ofisini na kuunda maneno.

Kwa wasomaji wasioifahamu nchi hiyo, yafaa kusema kwamba Njombe ni nchi ya miti. Upandaji wa miwati kwa ajili ya magome yake ulianza huko mwaka 1949, na baada ya miwati ikafuata misonobari na mikaratusi. Mikaratusi mirefu huvunwa, hukaushwa, kisha hutiwa dawa ili isiliwe na mchwa wala kuoza ikisimama ardhini. Nguzo hupangwa juu ya vitoroli vya reli, husukumwa ndani ya pipa refu lililolazwa, mlango mzito hufungwa, hewa hunyonywa, kisha dawa husukumwa kwa nguvu mpaka iingie ndani ya mti. Pipa la kiwanda hicho lina urefu wa mita 16 na uzito wa tani 16 likiwa tupu. Upande mmoja upo ukuta, upande wa pili zipo tangi za dawa ambazo haziruhusiwi kuguswa, na juu ipo paa. Mpango ulikuwa ni kuondoa mabati, kuingiza kreni moja kutoka upande wa barabara na nyingine katika njia nyembamba iliyo kati ya banda na ukuta, na kulinyanyua pipa kwa kreni hizo mbili kwa wakati mmoja.

Nilialikwa baada ya jaribio la kwanza, ambalo liliishia njiani. Hakuna aliyeumia. Lakini mkono wa kreni moja ulipanda pale ulipotakiwa kutulia, ukagonga boriti ya paa, na boriti hiyo ikaanguka mahali ambapo dakika chache kabla alikuwa amesimama kijana wa kufunga mizigo. Fundi mkuu alisema tatizo ni mwendeshaji. Mwendeshaji alisema tatizo ni karatasi. Nilipoisoma karatasi nilikubaliana na mwendeshaji.

Agizo lililosababisha mkasa huo lilikuwa na maneno matatu: "Simamisha mkono hapo." Aliyeliandika alikusudia kwamba mkono uache kwenda. Aliyelisikia alifahamu kwamba mkono uinuliwe hadi uwe wima. Kwa Kiswahili wote wawili wako sawa. Kitenzi "simama" kina maana mbili ambazo sisi wenyewe hatuzioni kuwa mbili: gari likisimama limeacha kwenda, na nguzo ikisimama imekuwa wima. Tukikinyambua kuwa "simamisha" tunazibeba maana zote mbili pamoja. Tunasimamisha basi, tunasimamisha nguzo. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna mtu anayechanganyikiwa, maana basi haliwezi kusimamishwa wima wala nguzo haisafiri. Mkono wa kreni, hata hivyo, ni kitu cha ajabu: huweza kusafiri na huweza kuwa wima, na mara nyingi hufanya yote mawili kwa pamoja. Hapo ndipo lugha inapoteleza. "Dada," mwendeshaji aliniambia, "ukiniambia nisimamishe mkono, mimi nausimamisha. Ningefanya nini kingine?"

Jambo hili halikuwa la Ramadhani peke yake. Tarehe 11 Septemba 2015 kreni kubwa ilianguka ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka wakati wa dhoruba, ikaua watu zaidi ya 100. Serikali ya Saudi Arabia ilieleza kwamba sababu kuu ilikuwa upepo mkali, na kwamba kreni ilikuwa imeachwa katika hali isiyofaa, kinyume cha maagizo ya watengenezaji, ambao hutaka mkono ulazwe kreni isipotumika au upepo unapokuwa mkali. Taarifa ya namna hiyo ikitafsiriwa kwa kusema kwamba mkono "ulikuwa umesimamishwa", nusu ya wasomaji watafahamu kuwa kreni ilikuwa imeacha kazi, na watashangaa kosa liko wapi.

Pendekezo langu la kwanza, basi, ni kwamba kitenzi "simamisha" kiondolewe kabisa katika maagizo ya kreni. Kwa kuacha mwendo litumike neno fupi la kumwambia mtu, wala si kuiambia mashine: "Simama!" Mtu yeyote aliyepo kazini awe na haki ya kulitamka, na mwendeshaji asiulize nani kasema. Kwa mwendo wa mkono wenyewe tuna "inua mkono" na "laza mkono", na kwa urefu wake tuna "refusha" na "fupisha". Kwa kulabu tuseme "pandisha" na "shusha". Hapa nakiri kuwa nilivutiwa sana na "tweka", neno la mabaharia la kupandisha tanga, ambalo lina sauti nzuri na maana kamili. Nililijaribu kwa mafundi wanane. Sita hawakulijua, na wawili walidhani nasema "twika". Nimeliacha. Mwenzi wake "tua", kwa upande mwingine, yafaa sana kuhifadhiwa, kwa sababu kila aliyewahi kubeba ndoo kichwani analifahamu, na kwa sababu latenganisha mambo mawili ambayo waraka uliyachanganya: kushusha mzigo ungali hewani, na kuuweka chini. Sentimita 10 za mwisho ni kazi tofauti na mita zilizotangulia. Kamba hulegea, mzigo huweza kulala upande, na vidole vya watu huwa karibu.

Liko tatizo jingine dogo lililowachekesha mafundi. Waraka unasema "mpiga ishara ainue mkono." Mkono wa nani? Mpiga ishara akiinua wake, mwendeshaji atainua wa kreni? Nilipendekeza kwamba kiungo cha mtu kiitwe mkono na kile cha kreni kiitwe mkono wa kreni kila kinapotajwa, hata kama sentensi itakuwa ndefu. Mfasiri akipenda ufupi aupende mahali pengine.

Sasa niingie katika jina la mashine yenyewe. Waraka unatumia "kreni" katika kurasa tatu za mwanzo, "winchi" katika kurasa zinazofuata, na "mtambo wa kunyanyulia" katika ukurasa wa mwisho, pasipo kueleza kama ni kitu kimoja au vitatu. Katika bandari zetu "winchi" limekuwa jina la mashine nzima kwa miaka mingi, na makuli wa Dar es Salaam na Mombasa hawaoni ubaya wowote. Lakini ndani ya kreni mnayo pia ngoma inayozungusha waya, na ngoma hiyo nayo ni winchi. Agizo la "kagua winchi kabla ya kazi" laweza kumaanisha kazi ya dakika tano au kazi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo "winchi" libaki kuwa jina la ngoma na waya wake, na "kreni" liwe jina la mashine nzima. Ninajua kuwa watu wa bandarini hawatanitii, nao hawana sababu ya kunitii maadamu wanaelewana. Ninalosema linahusu maandishi yanayosomwa na watu wa kutoka sehemu mbalimbali.

Nikifika kwenye hesabu, sauti yangu haina budi kubadilika, maana hapa tafsiri mbaya haichekeshi.

Kila anayepanga kunyanyua mzigo mzito anahitaji kujua mambo mawili kabla ya yote: mzigo una uzito gani, na utakuwa mbali kiasi gani na kreni. Kreni inayoitwa ya tani 50 hunyanyua tani hizo mzigo ukiwa karibu sana nayo, aghalabu mita 3 hivi kutoka kwenye mhimili wake wa kuzungukia. Mzigo ukisogezwa mbali, uwezo huporomoka. Kwa mita 10 au 12 hubaki sehemu ndogo tu ya zile tani 50. Huo ndio mlango wa ajali nyingi: mtu husoma tani 50 ubavuni mwa mashine, hutazama mzigo wa tani 15, akaona yuko salama. Umbali huo hupimwa kwa mlalo, kutoka katikati ya mhimili hadi chini ya kulabu. Mfasiri wetu ameuita "urefu wa mkono". Ni kosa zito. Mkono wa mita 20 ulioinuliwa sana huweza kuuweka mzigo umbali wa mita 6 tu, na mkono huohuo ukilazwa huupeleka mita 17 au zaidi. Anayesoma jedwali la uwezo kwa kutumia urefu wa mkono anasoma mstari usio wake.

Wako watakaosema litumike neno la jiometri, "nusukipenyo". Ni neno sahihi na limo vitabuni. Mwanafunzi wa kidato cha pili analijua. Lakini kwa fundi, nusukipenyo ni kitu cha duara lililochorwa, naye mbele yake haoni duara bali anaona mzigo ulio mbali. Mimi napendekeza "umbali wa mzigo", pamoja na maelezo mara moja mwanzoni mwa waraka kwamba hupimwa chini, kwa mlalo, kutoka kwenye mhimili. Mafundi wa Ramadhani walikuwa wakisema "mbali yake" hata kabla sijafika.

Kuhusu uzito, waraka unagawa tani 16 kwa kreni mbili, unapata tani 8 kwa kila moja, na kuthibitisha kwa sentensi hii: "Kulabu zifungwe kwa umbali sawa kutoka katikati ya mzigo." Matini ya Kiingereza haikusema katikati, ilisema mahali ambapo uzito wote hujikusanya, ambapo mzigo ukitundikwa kwa kamba moja hautainama upande wowote. Pipa la dawa lina mlango wa chuma upande mmoja, na mlango huo pamoja na fungo zake ni mzito kuliko mgongo wa upande wa pili. Kwa hiyo kitovu cha uzito hakiko mita 8 kutoka mlangoni bali mita 7. Kreni zikishika ncha mbili za pipa, ya mlangoni itabeba tani 9 na ile nyingine tani 7. Si hayo tu. Chini ya ncha ya mkono wa kreni huning'inia pia kapi lenye kulabu, slingi, na chuma cha kutenganishia slingi; kwa kazi hiyo jumla yake ilikuwa kama tani 1 kwa kila kreni. Basi kreni ya mlangoni, ambayo karatasi iliiambia kwamba itabeba tani 8, ilikuwa inapewa tani 10. Robo nzima iliongezeka kwa sababu ya maneno mawili: "katikati" badala ya "kitovu cha uzito", na "mzigo" kutumiwa bila ya kueleza kama vifaa vya kufungia vimo au havimo.

Kwa la kwanza hatuna haja ya kubuni. "Kitovu" ni neno la kila mtu, na "kitovu cha uzito" hueleweka mara likielezwa. Kwa la pili napendekeza kutenganisha "uzito wa kitu", yaani pipa peke yake, na "mzigo wa kreni", yaani kila kinachoning'inia. Hapa walimu wa fizikia wataniuliza kwa nini nasema uzito pale tani zinapotajwa, ilhali istilahi zilizokwisha kusanifiwa hutaka "tungamo". Wana haki darasani. Kiwandani, fundi anayeambiwa kuwa tungamo la pipa ni tani 16 atauliza uzito wake je. Istilahi inayomfanya mtu aulize swali la pili wakati kreni inanguruma haijamsaidia.

Kosa la tatu la hesabu ndilo lililonitia hofu kuliko yote, nalo halitokani na neno baya bali na neno lililokosekana. Waraka unasema: "Pembe ya slingi isizidi 60." Pembe kati ya nini na nini? Slingi yenye miguu miwili ina pembe tatu zinazoweza kupimwa: pembe kati ya miguu miwili, pembe kati ya mguu na mstari wa wima, na pembe kati ya mguu na mlalo wa mzigo. Ikiwa ni pembe kati ya miguu, agizo ni sawa. Ikiwa ni pembe ya kutoka kwenye mlalo, agizo limepinduka, kwani huko pembe ikipungua ndipo hatari inapozidi, na ilipasa kusemwa "isipungue". Tuchukue mzigo wa tani 10 ulioshikwa na miguu miwili. Miguu ikiwa nyuzi 60 kutoka kwenye mlalo, kila mmoja huvutwa kwa tani 5.8. Ikiwa 45, kila mmoja huvutwa kwa tani 7.1. Ikiwa 30, kila mguu huvutwa kwa tani 10 kamili, kana kwamba mguu wa pili haupo. Mfungaji aliyefunga kwa nyuzi 30 atasoma karatasi, ataona hajazidi 60, na dhamiri yake itakuwa safi.

Ndani ya banda lenye paa la chini jambo hili si nadharia. Nafasi ya juu ikiwa ndogo, slingi hufupishwa, na slingi fupi hupanuka. Napendekeza neno "mpanuko" kwa pembe ya kati ya miguu, na neno hilo peke yake litumike katika maandishi ya Kiswahili. "Mpanuko usizidi nyuzi 60" hakupinduki, kwa kuwa akili ya kila mtu huona kwamba kupanuka zaidi ni kuzidi. Fundi mmoja alinionyesha kwa miguu yake mwenyewe. Akasimama, akaitanua, akasema kuwa ukitanua sana ni msamba. Sikuhitaji mchoro.

Nipite upesi katika makosa madogo. "Kombeo" limetumiwa kwa slingi. Kombeo ni silaha ya kurushia mawe, na hakuna anayetaka pipa la tani 16 lirushwe. Tubaki na "slingi", ambalo limekwisha kuwa letu. Aliyependekeza "mbeleko" kwa zile za kitambaa alisema jambo zuri, nami ningefurahi likikua lenyewe. "Pingu" limetumiwa kwa kile kiungo cha chuma chenye umbo la kiatu cha farasi na pini ya kufungia. Ni tafsiri ya kamusi, na kamusi ilikuwa ikizungumzia wafungwa. Tunalo neno "kikuku", la bangili na la kile kipandio cha mpanda farasi, ambacho umbo lake ndilo hasa, nimependekeza hilo. "Unyanyuaji wa kipofu" ni Kiingereza kilichovaa kanzu: kinachokusudiwa ni kunyanyua mzigo ambao mwendeshaji hauoni, kama vile ulio nyuma ya ukuta, na yafaa kusema hivyohivyo. "Unyanyuaji muhimu" ni mbaya zaidi. Matini ya asili ilikuwa inataja aina ya kazi ambayo kosa dogo ndani yake halina suluhu, kama kazi hiyo ya kreni mbili, na kwa sababu hiyo yahitaji kibali cha pekee. Mafundi waliposoma "muhimu" walidhani ni maneno ya kawaida ya wakubwa, ambao kwao kila kitu ni muhimu. Napendekeza "unyanyuaji wa tahadhari kuu".

Katika nafasi finyu sehemu ya kreni inayoua watu mara nyingi si ile inayobeba mzigo. Nyuma ya kreni kuna chuma kizito cha kusawazisha, na kreni inapozunguka chuma hicho huzunguka pia, kwa upande ambao macho ya watu wote hayapo. Anayesimama kati yake na ukuta hana pa kukimbilia. Mfasiri ameandika "mzunguko wa mkia". Mkia hupiga, lakini mkia pia ni kitu chepesi cha mwisho, na neno halitishi. Nilisikia mafundi wakisema "mgongo". Nilipendekeza "kisogo", kwa sababu kisogoni hakuna macho, na waliipokea kwa kicheko cha kukubali. Katika jaribio la pili waliandika neno hilo kwa rangi nyekundu kwenye kile chuma, na wakafunga kamba mahali kisogo kinapopita.

Limebaki jambo la miguu, ambalo nimelichukua mpaka Makambako. Kreni ya magurudumu haibebi mzigo ikiwa imekalia magurudumu yake. Hutoa miguu minne ya pembeni, ikaikanyagisha chini. Mzigo ukizungushwa kuelekea mguu mmoja, mguu huo peke yake huweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wote wa kreni na mzigo wake. Katika ile njia nyembamba, miguu ya upande wa ukuta haikuweza kutolewa yote, na kreni ambayo miguu yake imetoka nusu ina jedwali lake jingine la uwezo, dogo kuliko la kwanza. Ardhi yenyewe ni udongo mwekundu wa Njombe, ambao mvua za kuanzia Novemba huulainisha, na chini yake ulipita mfereji wa zamani. Waraka unaiita miguu hiyo "jeki", neno ambalo mafundi wanalitumia kwa vitu vingine vitatu.

Pwani wanalo neno. Ngalawa husimama majini bila ya kupinduka kwa sababu ya matengo, vile vipande vya mbao vya pembeni vinavyoelea kila upande. Tengo la ngalawa na mguu wa kreni vinafanya kazi moja, na wakati nikiliandika neno hilo pembeni mwa waraka nilijiona nimepata hazina. Fundi mkuu alinitazama. "Wamatengo wa Mbinga?" aliniuliza. Ukitoka Njombe ukashuka kusini hadi Ruvuma, Wamatengo ni watu, na mashamba yao ya ngoro yana sifa kubwa. Hakuna mtu wa nyanda hizi anayesikia "matengo" akafikiri ngalawa.

Ningeliacha neno hilo papo hapo kama nisingelala Makambako. Mji huo ni njia panda: barabara kuu ya Zambia hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba katika sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote wakati wa ujenzi, yenye mahandaki na madaraja, likiwamo daraja la mto Mpanga lenye kimo cha mita zipatazo 50. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na mafundi wa Kichina pamoja na maelfu ya Watanzania na Wazambia ambao hawakuwa na lugha moja, na boriti nzito ziliwekwa juu ya mabonde hayo kwa ishara za mikono na maneno machache yaliyokubaliwa. Mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo katika ujana wake alinitajia vitu vya relini, na alipofika kwenye vile vilalio vinavyobeba vyuma akasema "mataruma", kama mtu anavyosema meza au kiti. Nikamuuliza neno hilo limetoka wapi. Akajibu kuwa ni la reli, siku zote.

Taruma ni neno la jahazi. Ni mbao za ndani zinazoshikilia ubavu wa chombo. Lilipanda na reli kutoka pwani hadi bara, na leo mtu aliyezaliwa bara hajui kwamba liliwahi kulowa maji ya chumvi. Kwa hiyo hoja kwamba neno la bahari haliwezi kuishi Njombe si kweli kwa ukamilifu wake; laweza kuishi, lakini lilipanda likiwa limefungwa kwenye kitu chenyewe, si kwenye orodha iliyotumwa kwa posta. Nimeliweka "tengo" katika mapendekezo, nikaandika mbele yake "mguu wa pembeni" kama neno la kutumia hadi hapo tutakapoona. Baadhi ya wenzangu ofisini wanasema kuweka maneno mawili ni woga. Huenda.

Yapo pia maandishi yanayopigwa kwenye kreni na kwenye kila kulabu, yaani zile herufi tatu za Kiingereza, SWL, zikifuatwa na idadi ya tani. Mfasiri amezieleza kuwa "mzigo salama wa kazi", maneno manne ambayo yakisomwa haraka yanaonekana kusema kwamba mzigo huu ni salama. Kinachosemwa ni mpaka usiovukwa. "Kikomo cha mzigo" ni fupi zaidi na lina ukali unaotakiwa, nami nalipendekeza pasipo kusita.

Haya yote yasingekuwa na uzito mkubwa kama yangehusu banda moja. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, iliyo chini ya usimamizi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ina kanuni zinazogusa mashine za kunyanyulia, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Kazi ya kutafsiri ni kubwa, na watakaoifanya ni maofisa wa serikali na wafasiri wanaosoma jarida hili. Neno likishaingia katika kanuni huwa gumu kutoka. Mwendeshaji wa Ramadhani angeliweza kushtakiwa kwa kusimamisha mkono, na hakimu angelazimika kuamua alisimamisha kwa maana ipi.

Pipa jipya liliwekwa wiki tatu baadaye, siku isiyo na upepo, kwa kutumia karatasi yenye kurasa 4. Nilikuwapo, nyuma ya kamba. Mpango wa awali haukuwa na neno hata moja kuhusu upepo, ingawa mabati ya paa yalikuwa yameondolewa na pipa lenye ubavu mpana lingening'inia wazi. Tarehe 14 Julai 1999 huko Milwaukee, Marekani, kreni kubwa iliyokuwa imebeba kipande cha paa la uwanja wa michezo ilizidiwa kwa namna hiyo, ikaua wafanyakazi watatu. Mafundi waliongeza wenyewe mstari mmoja kwa kalamu: upepo ukitikisa mikaratusi, hatunyanyui. Si kipimo cha kitaalamu, na nimewashauri watafute kifaa cha kupimia. Lakini sikuufuta.

Istilahi zinazosubiri kujadiliwa na jopo ni "mpanuko", "kisogo", "kikuku", "kikomo cha mzigo", "mzigo wa kreni" na "tengo". Kwa chuma cha kutenganishia slingi nimefikiria "foromali", ile boriti ya juu inayobeba tanga, lakini sijalijaribu kwa mafundi, na baada ya yaliyonikuta katika "tweka" sitaliandika kabla ya kulijaribu. Wasomaji wanaofanya kazi bandarini, katika karakana za reli au katika vituo vya umeme, ambao wanalo neno linalotumika kwa kitu hicho, wanaombwa kuliandikia Baraza, wakitaja mahali linapotumika na watu wanaolitumia.